Kompyuta ya mezani kwenye tivii: picha ipo, sauti hamna, na bati la nyuma linatekenya

babamapacha
Wakuu habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani Dell OptiPlex 7010, i5, ramu 8, niliichukua mtumba, nataka ikae sebuleni kazi yake iwe muvi na katuni za watoto basi. Tivii ni inchi 43, ina HDMI tatu na VGA moja. Kompyuta yenyewe haina HDMI, nyuma ina VGA ile ya bluu na matundu mawili ya DisplayPort, yale yaliyochongwa kona moja. Nilianza na VGA, picha ikaja lakini maandishi yana ukungu na sauti hamna kabisa. Jana nikanunua waya wenye DisplayPort huku na HDMI kule, picha ikawa safi mpaka mke wangu akatoka jikoni kuja kuangalia, ila sauti bado inakoromea kwenye kaspika ka ndani ya kompyuta, halafu picha imekatwa pembeni, saa ya kule chini kulia naiona nusu.

Kuna jambo lingine sijui kama linahusiana. Nikishika bati la nyuma ya kompyuta nikiwa peku sakafuni nasikia kutekenywa vidoleni, na siku ile nachomeka VGA ilitoa kacheche kadogo ka bluu. Mapacha wangu wana miaka 4 na wanashika kila kitu. Naombeni msaada wenu.

sebule_sinema
Mkuu hiyo VGA achana nayo, ni waya wa picha tu haubebi sauti, mpaka uvute waya mwingine wa sauti pembeni. Huo wa DisplayPort kwenda HDMI ndio wenyewe na sauti inapita humohumo, ila Windows yako bado inaipeleka kwenye spika ya zamani. Bonyeza alama ya spika pale kona ya chini kulia, utaona kamshale, ukikagusa inashuka orodha, chagua yenye jina la tivii yako. Jina lisipokuwepo kabisa weka draiva ya grafiki ya Intel kisha uwashe upya.

Picha kukatwa hapo inayokata ni tivii. Tivii za chogo zilikuwa zinaikuza picha kidogo ili kingo zake zisionekane, na hizi bapa zimerithi tabia hiyohiyo. Shika rimoti ingia setingi za picha, tafuta ukubwa wa picha, kwenye LG utakuta Just Scan, Samsung utakuta Screen Fit au Fit to Screen. Usiende kuipunguza kwenye Windows maana utapoteza ule ukali wa picha uliokufurahisha. Na hiyo HDMI uliyochomekea ibadilishe jina iitwe PC, kwenye Samsung na LG inasaidia sana, maandishi yanatulia.

Hilo la kutekenywa waachie wa umeme, sitaki kukudanganya.

fundi_waya
Ndugu yangu babamapacha, anza na hilo la mwisho, sauti itasubiri. Mimi kazi yangu ni waya za majumbani na nyumba za namna hii nazikuta kila wiki. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna kapasita ndogo za kuchuja umeme, moja imefungwa kati ya laini (waya unaoleta umeme) na bati, nyingine kati ya nyutro (waya wa kurudishia) na bati, na zimewekwa hivyo kwa sababu aliyeitengeneza anajua bati litakuwa limefungwa ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Ethi isipokuwepo, bati linabaki linaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa ukutani, yaani kwenye 230 unapata kama volti 115. Mkondo wake ni mdogo sana ndio maana ulitekenywa tu hukurushwa, lakini siku ikitokea hitilafu ya kweli mle ndani hakuna kitu cha kuukata huo umeme, na mtoto peku sakafuni ndiye atakayekuwa njia yake.

Ile cheche nayo ni hiyohiyo. Tivii nyingi zina plagi ya pini mbili, hazina ethi, ukichomeka waya kati yake na kompyuta wakati zote zina umeme ile tofauti inapitia kwenye waya wako. Sakiti za HDMI ni za volti 5 kushuka chini, ndio maana mtu anakuja analalamika tundu la HDMI limekufa na hajui limekufaje. Kwa hiyo kila ukitaka kuchomeka au kuchomoa, toa plagi ya kompyuta na ya tivii ukutani kwanza, siyo kuzima kwa rimoti.

Sasa angalia ekstensheni. Ichomoe, fungua skrubu za nyuma, hesabu waya. Zinatakiwa tatu, kahawia ni laini, bluu ni nyutro, kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu kwa nje lakini ndani waya ni mbili. Na fundi akija akakwambia aunganishe nyutro na ethi kwenye soketi ili kutekenya kuishe, mkatalie kabisa, kwa sababu nyutro ikikatika njiani bati lote linakuwa na 230 kamili.

bibi_wa_nyali
Kaka, mie nipo Mombasa, natumia kama hiyo na Kodi, ile programu ya kuchezea filamu, mwaka wa tatu sasa. Kama i5 yako ni kizazi cha tatu usiipakie filamu za 4K zilizobanwa kwa mtindo wa HEVC, grafiki yake haina pa kuzifungulia, mzigo wote unaangukia prosesa, feni inalia na picha inakatakata. Za 1080p zilizobanwa kwa H.264, mtindo wa zamani zaidi, zinakwenda maji. Na kibodi isiyo na waya, kale ka USB kake chomeka mbele, ukikaweka nyuma bati linazuia mawimbi, ukiwa kwenye kochi herufi zinaruka.

babamapacha
Wakuu nimerudi. Fundi umenifungua macho, nimefungua ekstensheni nimekuta kahawia na bluu tu, tundu la ethi lina kipande cha bati kikavu hakijafungwa na chochote. Nimenunua nyingine, nikamwomba muuzaji aifungue mbele yangu nikaona waya tatu, nimechomoa kila kitu ndipo nikaunganisha. Kutekenya kumepungua lakini hakujaisha, bado nakasikia kidogo. Sauti imekubali, na saa sasa naiona yote. Dada asante kwa la kibodi.

fundi_waya
Kama bado kapo basi tatizo linaanzia ukutani. Mwite fundi mwenye mita, apime laini na ethi pale kwenye soketi, isome karibu na 230, kisha aende nje akaiangalie nondo ya ethi, ile iliyochimbiwa ardhini, mara nyingi waya wake umekatwa au klipu imeliwa na kutu. Mpaka hapo plagi ya kompyuta iwe imetoka ukutani kabla mapacha hawajaamka.

babamapacha
Nimeshaitoa. Fundi anakuja Jumamosi asubuhi.