Mjadala: Mwanamke mweusi ashushe sauti ili apandishwe cheo?

Mleta mada, Dallas

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Nina jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa, na nataka tulijadili wazi, wanaume kwa wanawake, walio nyumbani na walio ughaibuni.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga. Huu ni mwaka wangu wa 14 Marekani, na miaka 9 kati ya hiyo nimeitumikia wodi moja katika hospitali ambayo sitaitaja. Nafasi ya kuongoza wodi ilipotangazwa niliomba, ikiwa ni mara ya pili. Akapewa mwenzangu ambaye alipoajiriwa mimi ndiye niliyemfundisha kazi. Nilipouliza nimepungukiwa wapi, nikaambiwa kazi yangu haina dosari, ila namna yangu ya kuzungumza inawatia watu wasiwasi. Nikauliza: nani, lini, nilisema nini? Jibu halikuwepo.

Dada mmoja tunayesali naye, mtu mzima, akaniweka chini. "Mdogo wangu, mwanamke mweusi hapa akisema jambo kwa sauti ya kawaida, wao wanasikia ugomvi. Shusha sauti. Tabasamu. Fumua hizo nywele. Utapanda."

Kwa ambao hamjaishi huku, niseme kidogo. Tangu enzi za utumwa nchi hii ilimchorea mwanamke mweusi picha mbili. Moja ni ya mama mnene aliyejifunga kitambaa kichwani, mpishi na mlezi wa watoto wa wengine, mwenye furaha ya kutumika. Sura ya namna hiyo ilikaa kwenye maboksi ya unga wa pankeki wa Aunt Jemima kwa zaidi ya miaka 100, hadi mwaka 2020 kampuni ilipotangaza kuiondoa. Picha ya pili ni ya mwanamke mwenye mdomo, mikono kiunoni, anayegombeza kila mtu. Hiyo ilisambazwa sana na vichekesho vya redio na televisheni. Angalieni picha hizo mbili: hakuna hata moja iliyokalishwa kwenye kiti cha mkuu. Ukiwa mpole, wewe ni mtumishi. Ukiwa na msimamo, wewe ni mgomvi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ushauri wa kushusha sauti si sahihi, hata ukitolewa kwa upendo. Ripoti ya mwaka 2023 ya McKinsey, kampuni ya ushauri wa biashara, na LeanIn, shirika linalotetea wanawake kazini, kuhusu kampuni za Marekani ilionyesha kwamba kwa kila wanaume 100 waliopandishwa kutoka kazi ya kawaida kwenda umeneja wa ngazi ya kwanza, wanawake weusi walikuwa 54. Hapo ndipo ngazi ilipovunjika, kwenye kipandio cha kwanza kabisa. Je, wote waliobaki chini walikuwa na sauti kubwa?

Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Dada, pole sana. Nitapingana nawe kwa heshima.

Umesahau kuwataja waliopita humo humo. Ursula Burns alilelewa na mama peke yake, mhamiaji kutoka Panama, katika nyumba za serikali jijini New York. Aliingia Xerox, kampuni ya mashine za kunakili, mwaka 1980 kama mwanafunzi wa mafunzo ya kazi wakati wa kiangazi, mhandisi wa mitambo, na mwaka 2009 akawa mkuu wa kampuni nzima. Hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kushika kampuni kubwa kiasi kile Marekani kabla yake. Alipanda kwa kazi.

Wasiwasi wangu ni kwamba tukimweleza binti kila siku kuwa anapigwa vita, atakata tamaa kabla ya kuomba nafasi. Halafu ile mipango ya kuwainua watu kwa rangi na jinsia inawadhuru hao hao. Sisi Watanzania tunalijua hili. Katiba inataka wanawake wasipungue asilimia 30 ya wabunge, ndiyo maana tuna viti maalumu. Nia ni njema. Lakini sikiliza watu mtaani wanavyotamka "huyu ni wa viti maalumu". Mama anaweza kuwa anachambua bajeti kuliko wenye majimbo, bado wanamwona amepewa. Huko Marekani leo mwanamke mweusi akiteuliwa popote, kuna watu husema amewekwa kwa ajili ya rangi. Nani kawapa silaha hiyo?

Mchangiaji, Nairobi

Kaka wa Dar, mfano wako wa Ursula Burns unakupinga mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa kwenye mkutano wa kampuni, mtu akauliza kama kuajiri watu wa makundi mbalimbali kunashusha viwango. Mkubwa mmoja, Wayland Hicks, akajibu kwa upole upole, bila kulikemea swali lenyewe. Burns alimkabili kwa hilo mbele ya watu. Hicks baadaye alimkosoa kwa namna alivyosema, kisha akamfanya msaidizi wake wa karibu. Huko ndiko safari ya juu ilikoanzia. Hakushusha sauti. Alipata mtu mwenye cheo aliyeisikia sauti ile, akaona ndani yake kiongozi.

Nafanya kazi ya ajira na rasilimali watu, na hili nimeliona hata katika ofisi za hapa zinazoendeshwa kutoka ng'ambo. Wanawake wanapewa washauri wengi sana. Unakaa na mtu, mnakunywa kahawa, anakwambia jiamini. Lakini mlango ukifungwa na majina yakianza kutajwa, anayehitajika ni wa kukupigia debe, mtu aliye tayari kuweka heshima yake mezani kwa ajili yako. Wenzetu wanaume huwa naye bila hata kumtafuta, kwa sababu walicheza gofu pamoja au walisoma shule moja.

Kuhusu sauti yenyewe, kuna utafiti wa mwaka 2012 wa wanazuoni Robert Livingston na Ashleigh Rosette uliowashangaza wengi. Walipowapa watu maelezo ya viongozi wanaozungumza kwa ukali na wasaidizi wao, kiongozi mwanamke mweupe alikatwa alama, mwanamume mweusi vilevile. Mwanamke mweusi hakukatwa. Katika utafiti wa pili mwaka huo huo kampuni ikaelezwa kwamba imefanya vibaya, na hapo mwanamke mweusi ndiye aliyehukumiwa vikali kuliko wote. Dada, hebu litafakari. Huenda si sauti yako wanayoiogopa. Huenda wewe hujaachiwa nafasi ya kukosea hata mara moja, na neno "sauti" ndilo lililo rahisi kuandika kwenye fomu.

Mchangiaji, Leicester

Wanangu, mimi nimestaafu, acheni niseme la kwangu.

Mimi nilishusha sauti. Nilifanya kazi Uingereza miaka 22 katika nyumba za wazee na baadaye ofisini. Nilijifunza kusema "samahani, labda nimekosea" kabla ya kusema jambo ninalolijua kuliko wote chumbani. Nilipandishwa mara mbili. Mshahara ule ulisomesha watoto watatu na wapwa zangu wawili kule Zanzibar. Sijutii, na sitaki mtu aniambie nilijidhalilisha. Wakati ule hakukuwa na wa kunipigia debe. Kulikuwa na karo.

Lakini niwaambieni gharama yake pia. Nikifika nyumbani nilikuwa sina maneno yaliyobaki. Mume wangu aliniuliza mbona siku hizi hucheki. Shinikizo la damu nililipata nikiwa na miaka 44. Siwezi kusema limetokana na hilo, ila najua nilivyokuwa nikilala.

Kwa hiyo mwanangu wa Dallas, usimdharau dada yako wa kanisani. Anakuonyesha njia aliyopita yeye. Hakuonyeshwa nyingine.

Mchangiaji, Atlanta

Shikamoo mama wa Leicester. Mimi nasomea sheria, nitaleta upande huo kwa sababu watu wanadhani hili ni suala la hisia.

Kuna kesi dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors, hukumu yake ilitoka mwaka 1976. Wanawake weusi watano walilalamika kwamba kampuni haikuwa imeajiri mwanamke mweusi kabla ya mwaka 1964, na waliokuja kuajiriwa baada ya 1970 wakapoteza kazi uchumi uliposhuka, kwa kanuni ya wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka. Mahakama ikasema kampuni iliajiri wanawake siku zote, hivyo hakuna ubaguzi wa jinsia. Wanawake hao walikuwa weupe. Kuhusu rangi, wakaambiwa wajiunge na kesi nyingine ya wafanyakazi weusi. Kuyaunganisha yote mawili walikataliwa. Mwaka 1989 profesa wa sheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo kwa mfano wa njia panda: aliyesimama katikati anaweza kugongwa na gari la upande wowote, au ya pande zote kwa pamoja, na sheria ikashindwa kumwona kwa kuwa inakagua barabara moja moja.

Nywele nazo. Mwaka 2010 mwanamke mmoja wa Mobile, Alabama, alipewa kazi kisha akanyang'anywa kwa sababu alikataa kukata dredi zake. Mahakama ya rufaa mwaka 2016 ilisema mtindo wa nywele unaweza kubadilishwa, kwa hiyo si suala la rangi. California ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria ya kulinda nywele za asili mwaka 2019. Texas, jimbo lako dada, imeanza kuitumia ya kwake Septemba 1, 2023. Hakuna mtu mwenye haki ya kukuambia ufumue.

Kaka wa Dar, nakubali kwamba mipango maalumu inaleta manung'uniko. Lakini kuifuta hakuyaondoi. Hapa Atlanta kulikuwa na mfuko, Fearless Fund, uliokuwa ukitoa ruzuku ya dola 20,000 kwa biashara za wanawake weusi. Ulishtakiwa mwaka 2023 kwa kutumia sheria ya mwaka 1866, iliyotungwa kuwalinda watu waliotoka utumwani dhidi ya ubaguzi wa rangi. Juni 2024 mahakama ya rufaa iliisimamisha ruzuku, na Septemba ikafungwa kwa makubaliano. Januari 2025 serikali kuu nayo ikaamuru mipango ya namna hiyo ifutwe katika idara zake. Silaha unayoisema haijawekwa chini. Bado mwanamke mweusi akiteuliwa wanasema kawekwa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Hiyo ya sheria ya 1866 sikuijua. Imeniuma.

Bado nasimama kwenye jambo moja: binti asifundishwe kushindwa. Ila kuhusu sauti narudi nyuma. Mke wangu ni mkuu wa idara. Akiwa mkali ofisini huitwa jeuri, na mimi nikiwa mkali naambiwa nina msimamo. Nimelijua hilo miaka yote, wala sikuwahi kulisema mbele ya wanaume wenzangu. Leo nalisema. Na kwetu hakuna hata suala la rangi, kwa hiyo huko ambako yako yote mawili naweza kukisia.

Mleta mada, Dallas

Nimesoma kila mchango, mingine mara mbili.

Mama wa Leicester, nisamehe kama nilionekana kumdharau dada yangu. Jana nilimpigia, tukazungumza saa nzima, akanieleza mambo ya mwaka wake wa kwanza hapa ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Sitayaandika. Kumbe hata yeye hapendi ushauri anaoutoa.

Dada wa Nairobi, umenifungua. Nimehesabu: wodini nina washauri wanne na hakuna hata mmoja anayekaa kwenye kikao cha uteuzi. Yupo daktari mmoja, mwanamke, anayeniomba niwe zamu yake kila anapokuwa na mgonjwa mgumu. Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia kwamba nataka uongozi. Nilidhani anajua.

Nimeshaandika barua. Naomba nielezwe kwa maandishi vigezo vilivyotumika, alama nilizopata kwa kila kigezo, na tukio ambalo sauti yangu ilimdhuru mgonjwa au mfanyakazi mwenzangu. Nimeambatanisha tathmini zangu za miaka mitano. Nitaipeleka Alhamisi, nikiwa nimesuka twende kilioni kama kawaida yangu.

Nina ombi moja kwa yeyote aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la usaili. Mnapomwandikia mtu kwamba "mawasiliano yake yanahitaji kuboreshwa", huwa kuna kipimo mnachokitazama? Nataka kukijua kabla ya Alhamisi.