Ziwa Ngozi na maporomoko ya Kaporogwe siku moja, inawezekana?

mpandamlima_mpole
Wakuu habari za saa hizi. Tuko wanne tunataka kwenda Ziwa Ngozi kule Rungwe, tukitoka hapo tuunganishe hadi Kaporogwe siku hiyo hiyo. Mmoja wetu ni mama mdogo, umri 50 na ushee, mzima kabisa ila goti humsumbua kwenye mteremko. Nasikia kile kipande cha mwisho kinatoa watu jasho, je mtu anafika mpaka kwenye maji au mnaishia juu? Na raba za kawaida zinatosha?

Kijani Tupu
Kupanda mtapanda tu mkuu, kazi iko kwenye kurudi. Mwanzoni njia ya msituni haina shida, migomba pori na mianzi huku na huku mnapiga stori, halafu ghafla inasimama na hapo unashika mizizi kwa mikono, na ule udongo ukilowa unateleza kama umepakwa sabuni. Raba zilizoisha soli ziacheni nyumbani. Mama mtafutieni fimbo mapema, na akishuka ashuke kiubavu ubavu bila haraka, mtu mmoja atangulie mbele yake.

dada_wa_uyole
Kwenye maji sahau. Lile ni shimo la volkano, kuta zimesimama pande zote na hakuna hata mto unaotoka. Kuna kinjia vijana wanashukia ila kwa goti hilo hapana, tena cha kuona kiko juu, ndo unaliona lote, urefu kama kilomita 2.5, watu wanasema limekaa kama ramani ya Afrika (mi naona inategemea umesimama wapi 😅). Mkikuta ukungu msikate tamaa, kaeni kidogo mle ndizi zenu, mara nyingi hufunguka. Na mwenyeji wa kuwaongoza msimwache kisa kubana hela, njia ndogondogo mle msituni zinachanganya.

Mzee wa Lami
Siku moja inawezekana kama mna gari lenu na mmeanza kupanda saa 1 asubuhi. Kwa daladala na boda msijidanganye, Kaporogwe iko mbele ya Tukuyu na siyo barabarani. Halafu kule nako ni kushuka, kwahiyo mama atakuwa ameshuka mara mbili siku moja. Mimi ningelala Tukuyu, kesho yake asubuhi ndo mwende mkaone lile pango nyuma ya maji mkiwa na nguvu. Na mwende kuanzia Juni hadi Oktoba, ingawa Juni na Julai baridi ya Rungwe haina utani, bebeni masweta.

mpandamlima_mpole
Asanteni sana wakuu. Basi tunalala Tukuyu, mama mdogo nimemsomea hapa kasema fimbo anayo ya kwake, wa kuangaliwa ni mimi na kitambi changu.

dada_wa_uyole
😂😂 Huyo mama atawaacha. Mwanzo wa Agosti ni pazuri, wekeni tarehe.