Tupeane uzoefu: Je, ulielezwa gharama yote ya mkopo kabla ya kutia sahihi?

Mwanzilishi wa mada, Tudor, Mombasa
Ndugu zangu, asalaam aleikum. Ninaweka vitabu vya chama chetu, na karatasi za mikopo ya wanachama hupitia mikononi mwangu. Iliyo mbele yangu sasa inasema riba ni asilimia 2 kwa mwezi, kwa mkopo wa shilingi 50,000 wa miezi 12. Mwenzetu alielewa kwamba hiyo ni asilimia 24 kwa mwaka, na aliyemkopesha hakumsahihisha. Lakini riba hiyo inatozwa juu ya 50,000 zile zile kila mwezi, hata mwezi wa mwisho, ambapo deni la msingi lililobaki halifiki 4,200. Jumla ya riba ni 12,000, ilhali kama ingehesabiwa kwa salio linalopungua, kwa asilimia 2 hiyo hiyo, isingefika 7,000. Bei halisi, basi, yaani riba ikipimwa kwa deni linalobaki kila mwezi, ni karibu asilimia 42 kwa mwaka. Tena ada ya 2,500 na bima ya 500 zilikatwa kabla hajapokea chochote, hivyo zilizoingia kwenye simu yake ni 47,000, naye analipa riba kama aliyepokea 50,000. Ukitia makato hayo katika hesabu, bei inapita asilimia 54.

Ninajua kwamba kumhudumia mkopaji mdogo kuna gharama kubwa, kwa kuwa afisa hutembea na kuandika sawasawa, uwe mkopo wa elfu kumi au wa laki tano. Atoze basi, lakini bei ijulikane. Ninyi mlielezwaje?

Muuza mboga, Kongowea
Kikundi chetu kilitakiwa kuweka kwanza akiba ya lazima, sehemu moja kwa tano ya mkopo, ambayo haiguswi mpaka deni liishe. Maana yake ni kwamba tunalipa riba kwa fedha ambazo sehemu yake ni zetu wenyewe. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, na afisa alifunua ukurasa wa mwisho moja kwa moja, akatuonyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi. Habari ya faini ya kuchelewa tuliisikia siku mwenzetu mmoja alipochelewa.

Dereva wa tuktuk, Likoni
Mimi nilitaka kumaliza deni mapema, nikaambiwa riba ya miezi iliyobaki nailipa yote vilevile. Hilo halikutajwa mwanzoni.

Fundi cherehani, karibu na Barabara ya Biashara
Mimi nilichukua cherehani kwa murabaha, ambapo muuzaji hulazimika kutaja bei aliyonunulia na faida anayoongeza. Nilionyeshwa risiti ya dukani, faida ikaandikwa chini yake, na jumla haikubadilika hadi nilipomaliza. Hata hivyo ada ya kufungua faili haikuwamo katika karatasi hiyo. Niliulizia, ndipo ikaongezwa kwa kalamu.

Mwanzilishi wa mada, Tudor
Ahsanteni sana. Kuandika bei kwa kipimo kimoja kunawezekana: shirika la MFTransparency, lililoanzishwa mwaka 2008 na Chuck Waterfield, lilikusanya ratiba za malipo kutoka kwa wakopeshaji wa nchi mbalimbali na kuzigeuza kuwa asilimia ya mwaka inayolinganishika. Nasi tuna Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike na huduma anayoilipia. Mkopo ni huduma.

Katika chama chetu tumekubaliana kwamba hakuna atakayedhaminiwa kabla ya kuleta kiasi atakachopokea mkononi, marejesho ya kila mwezi, na jumla atakayolipa, vyote vimeandikwa na mkopeshaji mwenyewe. Mwenye ratiba ya malipo na aniwekee hapa tarakimu hizo pamoja na akiba aliyozuiliwa, bila jina la mtu wala la taasisi, nami nitamfanyia hesabu.