Nimeacha ukonda ila ukonda haujaniacha

Wakuu, nilikuwa konda wa daladala Kimara–Posta hapa Dar mpaka mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016 tukatolewa Morogoro Road. Saa hizi nina kiduka, lakini saa kumi alfajiri macho kodo, noti bado nazikunja kwa urefu nazibana katikati ya vidole, na mtaa mzima wananiita Konda. Hivi mimi ni nani jamani?

Jibu 1: Pole mkuu. Mzee wangu alikuwa mvuvi pale Feri, alivyoacha bahari bado akiamka anatoka nje kuangalia upepo kwanza ndo apige mswaki, tukamwacha tu.

Jibu 2: Usilikatae hilo jina, si umelitolea jasho? Mi fundi cherehani, nikisalimiana na mtu macho yashafika kwenye pindo la shati.

Mtoa mada: Aisee hiyo ya upepo imenigusa sana.