Naomba ushauri: nimpeleke mama kwenye maonyesho ya sanamu?

Wandugu, jambo. Juzi hapa Goma nilitembelea maonyesho ya sanamu kuhusu mateso ya watu, na tangu hapo moyo haujatulia. Msanii amechomelea maganda ya risasi, jinsi Freddy Tsimba wa Kinshasa anavyofanya miaka mingi. Kuna mwanamke aliyepiga magoti, mtoto mgongoni, na kitenge chake ni vijiko vilivyopondwa vikawa bapa. Mtoto hana uso. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Mama yangu alifiwa na kitinda mimba wake Mei 2021, tulipokimbia mlipuko wa volkano ya Nyiragongo kuelekea mji wa Sake. Hata kwenye matanga hakulia, na jina la mtoto hajalitaja tena. Kaka yangu anasema nisithubutu, nitamtonesha kidonda. Mimi naona labda mbele ya yule mwanamke machozi yatatoka.

Maonyesho yanafungwa Jumamosi. Waliowahi kumpeleka mzazi mwenye msiba mahali kama hapo, mlimwambia mapema atakachokiona? Mlimshika mkono, au mlimwacha asimame peke yake? Nisaidieni, tafadhali.