Kfar Etzion: walirudi kwao au waliikalia ardhi ya watu?

Wakuu, mada ya makazi ya Wayahudi Ukingo wa Magharibi ikiletwa, tunarushiana Biblia na Umoja wa Mataifa mpaka uzi unafungwa. Leo tubaki na kijiji kimoja, Kfar Etzion, kusini mwa Bethlehemu. Hiki kinazipa tabu pande zote mbili.

Wayahudi walianza kulima eneo lile 1927, ghasia za 1929 zikawaondoa. Mfanyabiashara Shmuel Holtzmann akanunua ardhi miaka ya 1930, uasi wa Waarabu wa 1936 ukamkatiza. Kibbutz yenyewe, yaani kijiji cha ushirika, ikaanzishwa na vijana washika dini mwaka 1943. Januari 1948 kina mama na watoto walihamishwa. Tarehe 13 Mei, siku moja kabla ya Israeli kutangazwa, kijiji kilitekwa na jeshi la Jordan pamoja na wapiganaji wa vijiji jirani. Waliouawa walizidi 100, wakiwemo waliokwisha kujisalimisha.

Juni 1967 Israeli ikauteka Ukingo wa Magharibi kutoka Jordan, na Septemba wale watoto, sasa vijana, wakarudi wakiongozwa na mwenzao Hanan Porat. Hapo hata mimi nisiyeyaunga mkono makazi nawaelewa.

Ila siku chache kabla, Theodor Meron, mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Israeli, alikuwa ameiandikia serikali kwamba kuweka raia kwenye ardhi iliyotekwa kunakiuka Mkataba wa Nne wa Geneva, unaolinda raia wakati wa vita. Kambi za muda za kijeshi zingeweza kupita. Serikali ya Levi Eshkol ikaitangaza Kfar Etzion kuwa kituo cha Nahal, kikosi cha wanajeshi wakulima. Kama haki ilikuwa wazi, magwanda ya nini? (Na msiseme Meron alikuwa na chuki: utotoni alipitia kambi ya Wanazi. Ndiye huyo aliyekuja kusikiliza rufaa za kesi za Rwanda zilizoendeshwa Arusha.)

Mchangiaji wa kwanza: Umeruka kitu, mkuu. Waraka huohuo wa Meron unasema kwa Etzion hoja ya kurudi nyumbani ingeweza kusaidia kwa kiasi fulani. Mbona hukuliweka?

Mleta mada: Sawa, limo. Lakini “kwa kiasi fulani” inaishia kwa waliokuwa na nyumba pale. Efrat, mji wa miaka ya 1980 kwenye eneo hilohilo, ulikuwa unarudiwa na nani?

Mchangiaji wa pili: Mimi naona mnazunguka. Mwaka huohuo wa 1948 Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makwao. Israeli ikatunga Sheria ya Mali ya Wasiokuwepo, 1950, nyumba zao zikachukuliwa. Wa Etzion alisubiri miaka 19 akarudi. Mpalestina wa Jaffa, mji ulio ndani ya Israeli, je?

Mchangiaji wa kwanza: Vita ilianzishwa na waliokataa mgawanyo wa 1947, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuigawa Palestina kati ya Wayahudi na Waarabu. Aliyeanzisha abebe hasara.

Mchangiaji wa pili: Mtoto wa Jaffa alikataa mgawanyo gani? Jibu hilo kwanza, ndugu yangu, ndipo tuendelee.