Mrejesho: tumehama na mtoto wetu mwenye usonji

Niliwauliza: mume wangu ni mwanajeshi wa Marekani, anahamishwa kutoka Fort Bragg kwenda Joint Base Lewis-McChord, jimbo la Washington; je, huduma za shule za mwanetu wa miaka 7 zitakatika?

Hazikukatika. Dada uliyenisisitiza nibebe nakala ya IEP, yaani mpango rasmi wa elimu maalumu wa mtoto, mkononi, nisiipakie na mizigo, Mungu akubariki sana. Shule mpya ilitaka kwanza imtathmini upya, mtoto asubiri. Nikawaonyesha nakala, nikawaambia sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, inawataka wampe huduma zinazolingana na za kule mpaka waandae mpango wao. Wiki ileile akaanza na mtaalamu wa matamshi.

Usajili wa EFMP, mpango wa jeshi kwa familia zenye mtu mwenye mahitaji maalumu, tuliuhuisha mapema, kama mlivyoshauri. Tiba ya nje ya shule bado tuko foleni, na inaniumiza.

Usiku wa kwanza ulikuwa mgumu. Nyumba tupu, mwangwi kila kona, mtoto kaziba masikio analia. Nikatandika kanga yangu ya zamani sakafuni. Akainusa, akajikunja juu yake, akalala.

Jana kamwambia baba yake, "Kesho shule."